Mama Aliyekuwa Ndani ya Simu



Mwenye kupita Kibokoni kabla ya adhana ya Alfajiri huukuta mtaa umelala, isipokuwa paka wa barazani na akina mama wa mahamri. Harufu ya iliki ndiyo humwongoza mtu. Wiki iliyopita tuliifuata harufu hiyo mpaka kwenye mlango mmoja wa mbao katika kichochoro chembamba, tukapiga hodi. Aliyetuitikia alikuwa amejifunga leso kibwebwe, na mikono yake imejaa unga hadi viwikoni.

"Karibuni," akatuambia. "Lakini mtaniwia radhi, sitawapa mkono."

Mama huyu ametuomba tusimtaje jina, yeye wala jamaa zake, nasi tumemridhia. Ana watoto watatu: binti wa miaka 16, mvulana wa miaka 11, na kitinda mimba, msichana wa miaka 6. Mumewe ni kibarua wa bandarini Kilindini. Siku nyingine hupata kazi, siku nyingine hurudi mikono mitupu. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita Nyanya, anaishi nao. Tulimwendea kwa sababu ya jambo ambalo nyumba nyingi za mwambao zinalijua na chache hulizungumza kwa sauti: mama anapoondoka kwenda kutafuta riziki ng'ambo, ni nani anayebaki kuwa mama?

Siku yake

Kazi huanza usiku, baada ya sala ya Isha. Kilo tatu za unga wa ngano hukandwa kwa tui zito la nazi, sukari, hamira, na iliki ambayo Nyanya huitwanga mwenyewe kwa kinu kidogo cha mbao, kwani haamini iliki ya pakiti. Unga hufunikwa kwa kitambaa ukaachwa uumuke. Mbaazi nazo hulowekwa. Saa kumi alfajiri madonge husukumwa, hukatwa pembe, na kutiwa katika mafuta yaliyopata moto. Hamri njema hufura kama kamto, na ndani yake huwa tupu.

Jua likichomoza sinia liko nje, mlangoni. Hamri moja ni shilingi 10. Wa kwanza kufika ni wazee watokao msikitini, kisha watoto wa shule, kisha vibarua. Kufikia saa moja na nusu sinia huwa limekwisha, na watoto wa nyumba wamekwenda masomoni. Hapo ndipo msukuma mkokoteni wa maji hupita, naye mama hununua mitungi minne ya lita 20, maana mfereji wa nyumba ile una siku zake.

Saa tatu hukaa kwenye cherehani. Hushona mabuibui ya majirani, na zaidi hupinda leso. Wasomaji wetu wanajua kwamba leso huuzwa jozi ikiwa haijakatwa; mnunuzi akitoka nayo Barabara ya Biashara, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwapo tangu mwaka 1887, huhitaji mtu wa kumkatia na kumpindia. Kazi ni ndogo na malipo ni madogo, lakini haikatiki, na hasa Idi inapokaribia yeye hulala akiwa na nyuzi kwenye nywele.

Miaka miwili ya Ghuba

Miaka minne iliyopita mama huyu alisafiri kwenda nchi moja ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kwa mkataba wa miaka miwili. Kitinda mimba alikuwa na miaka miwili. "Nilimwacha amelala," anasema. "Nyanya aliniambia nisimwamshe. Niliinusa kofia yake, nikatoka."

Katika nyumba aliyofikia, alimkuta mfanyakazi mwenzake, mama wa Kifilipino kutoka kisiwa cha Mindanao. Naye pia alikuwa Mwislamu. Wengi wetu hatufahamu kwamba Uislamu ulifika visiwa vile vya kusini kwa njia ya bahari na biashara, kama ulivyofika kwetu. Ufilipino ni nchi iliyozoea kuagana na mama zake. Serikali yake imekuwa ikipanga kazi za raia wake ng'ambo tangu sheria ya mwaka 1974, na katika miji ya Ghuba wanawake wa Kifilipino wamejaa majumbani, hospitalini na madukani. Mama yule wa Mindanao alikuwa na watoto wanne kwao, na alikuwa katika mwaka wake wa tisa ughaibuni.

Lugha yao ya pamoja ilikuwa vipande vya Kiarabu, vipande vya Kiingereza, na chakula. Ijumaa mmoja alipika na mwenziwe akatazama. Ijumaa ya pili ikawa kinyume. Mama wa Kibokoni alishangaa kumwona mwenziwe akikamua tui na kulimimina juu ya samaki. "Nikamwambia, dada, huyu ni samaki wetu! Naye akaniambia ni wao." Ramadhani mbili walikula daku pamoja, wameketi sakafuni jikoni.

Mambo mawili alijifunza kwa dada yule, na anayashika hadi leo. La kwanza lilihusu simu. Kila usiku mama wa Kibokoni alikuwa akimpigia mwanawe na kumwuliza, "Umenikumbuka?" Mtoto hunyamaza, mama hulia, simu hukatwa. Dada wa Mindanao akamwambia: usimwulize mtoto kama amekukumbuka, kwani hilo ni swali la mtu mzima, na mtoto hana jibu lake. Mwulize leo amekula nini. Tangu siku hiyo mazungumzo yalipata njia. Alijua ni siku gani kulipikwa pojo, ni jino gani la mvulana linalotikisika, na ni paka gani amezaa chini ya ngazi.

La pili lilikuwa kikombe cha kahawa. Dada yule, hata siku iwe na kazi namna gani, alitoka nyuma ya nyumba mara moja kwa siku, akaketi, akanywa kikombe kimoja polepole bila kusimama. Alisema kwamba mchana mzima mikono yake ni ya wenyewe, lakini kikombe kile ni chake.

Kurudi

Mkataba ulipokwisha, mama alirejea. Uwanja wa ndege wa Moi ulijaa jamaa. Binti alimkumbatia, mvulana akamrukia, na kitinda mimba, aliyekuwa sasa na miaka minne, akajificha nyuma ya buibui la Nyanya.

"Nenda kwa mama yako," Nyanya akamwambia.

Mtoto akaichukua simu mkononi mwa Nyanya, akaitazama, kisha akamtazama mgeni. "Mama yangu yumo humu," akasema.

Tuliposikia maneno hayo tulinyamaza, na mwenye kuyasimulia akageuka kutazama mbaazi zake ijapokuwa hazikuhitaji kutazamwa. Zilipita wiki tatu kabla mtoto hajakubali kuogeshwa naye. Usiku alilala kwa Nyanya. Akiamka na ndoto mbaya, jina aliloliita halikuwa la mama yake.

Ni haki kusema pia kwamba pesa zile zilifanya kazi. Deni la kodi ya nyumba lililipwa. Cherehani ilinunuliwa. Binti hakufukuzwa shule hata siku moja. Anayesema kwamba mama huyu alikosea kwenda hajawahi kuhesabu shilingi za nyumba ile.

Ujumbe uliokuwa ukingojea jibu

Mwezi huu mwajiri wake wa zamani alimletea ujumbe. Anamtaka arudi kwa miaka miwili mingine, na mshahara umeongezwa. Ujumbe ulifika katika juma lile lile ambalo binti alipata nafasi katika shule ya bweni, mbali na pwani, shule aliyoiota tangu akiwa mdogo. Karo yake haiwezi kutoka katika sinia la mahamri.

Usiku wa kuamkia Ijumaa walikaa wote sebuleni. Nyanya, ambaye umri na magoti yake yamekuwa mazito, alisema yeye hatamzuia mtu, lakini hawezi tena kumkimbilia mtoto. Mume alisema neno ambalo mkewe hakulitarajia: "Usiende kwa ajili ya pesa ambazo mimi sijajaribu kuzitafuta pamoja nawe. Nitaamka saa kumi. Nitasukuma madonge. Tuuze masinia mawili."

Kisha binti akasema, "Mama, mimi nitasoma shule ya kutwa, hapa hapa kisiwani."

Mama alikataa, binti akashikilia. Waliachana usiku huo bila ya kukubaliana. Asubuhi binti alikwenda kwa mwalimu wake na kumweleza mwenyewe. "Nimemkosesha mwanangu," mama alituambia, na tulipojaribu kumliwaza alitutazama kwa upole, akasema: "Msinipe maneno. Najua alichoacha. Namwona anavyoikunja ile barua na kuikunjua."

Basi hatukumpa maneno. Tutasema tu tulichokiona. Saa kumi na robo mume wake alikuwa jikoni, akisukuma madonge yenye pembe tano. Binti alimcheka mpaka akashika ukuta.

Tunalopenda kuwakumbusha

Wako kati yetu wanaoona aibu mwanamume akishika mwiko. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Na wako wanaoona kuwa mwanamke anayechuma ameacha heshima yake. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume, alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka alichokipata. Zaynab mke wa Abdullah bin Mas'ud alipotaka kujua kama anaweza kutumia mali yake kwa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume alijibu kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka.

Kwa nyumba ambazo zimeamua mama aende, hatuna lawama, tuna wasia. Hakikisheni kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Someni mkataba mzima kabla ya kutia saini, na nakala yake, pamoja na nakala ya pasipoti, ibaki nyumbani. Kubalianeni mapema ni nani atakayemlea mtoto, na mlezi huyo apewe haki yake, kwani Nyanya naye huchoka. Na kila usiku mwulizeni mtoto amekula nini.

Starehe ndogo

Tulimwuliza mama huyu kinachomfurahisha siku hizi. Alifikiri kidogo, kisha akahesabu kwa vidole vilivyokuwa bado na unga. Kufukiza nguo udi Alhamisi jioni. Asumini za jirani, ambazo Nyanya huzitunga na kumwekea juu ya mto bila kusema kitu. Kwenda Marikiti na mvulana wake, ambaye ameanza kujua kuchagua nazi kwa kuitikisa sikioni. Jumapili alasiri kushuka Mama Ngina wote sita, wakala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakanywa madafu mawili kwa kupokezana, na kutazama meli zikiingia Kilindini. Mume wake huzitaja meli alizowahi kupakua, na watoto hujifanya wanamwamini zote.

Na kikombe cha kahawa. Sinia likishatoka nje, huketi juu ya kizingiti kwa dakika kumi, akanywa akiwa ameketi. Dada wa Mindanao bado yuko kule, katika mwaka wake wa kumi na tatu. Mara nyingine hutumiana picha ya vikombe vyao, na hawaandiki neno.

Siku tuliyokuwapo, alikuwa ameketi hivyo wakati kitinda mimba alipotoka chumbani, nywele zimesimama, macho nusu. Akajipenyeza mapajani kwa mama yake, kikombe kikayumba, kahawa ikamwagika kidogo kwenye leso. Mtoto akauliza kwa sauti ya usingizi:

"Mama, leo umekula nini?"

"Bado, mwanangu," mama akamjibu. "Nilikuwa nakungojea."

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu walio karibu na walio mbali, awarudishe salama walio safarini, na azitie baraka riziki za nyumba zetu, ndogo kwa kubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.