Vifaranga Wakifia Ndani ya Yai, Kagua Unyevu wa Mashine
Vifaranga kufia ndani ya yai siku za mwisho mara nyingi husababishwa na unyevu usiofaa kwenye mashine ya kuangulia. Siku 18 za kwanza, unyevu uwe asilimia 50 hadi 55. Siku 3 za mwisho, asilimia 65 hadi 70.

Mfugaji amulike mayai kwa tochi siku ya 7, 14 na 18. Nafasi ya hewa ikiwa ndogo mno, unyevu umezidi: apunguze maji, afungue matundu ya hewa. Ikiwa kubwa mno, aweke chombo kipana zaidi cha maji. Upana ndio huongeza unyevu, si kina.

Kuanzia siku ya 18, mashine isifunguliwe ovyo. Utando ukikauka, kifaranga hunasa. Wanaohitaji usaidizi wamwone afisa wa mifugo wa wadi.