Vumbi ya mine inarudi ku nyumba na nguo ya baba

KASENGA. – Wandugu watumikaji, na ninyi wamama wa nyumba, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya baseni ya kufulia nguo.

Nilikuwa mu konji huku kwetu Kasenga, kando ya Luapula. Nguo zangu za kazi nilikuja nazo mu mufuko, juu nilitoka kazini nikapanda gari mara moja, sikupata wakati wa kuzifula Lubumbashi. Asubuhi ya kwanza bibi yangu akachukua baseni na sabuni, akashuka ku mayi pamoja na mutoto wetu wa mwisho. Nikawafuata nyuma. Nikakuta mayi ya baseni imekuwa nyekundu kama matofali, na chini kabisa matope nyeusi. Akaimwaga, akatia ingine. Nyekundu tena. Ya tatu ikawa vilevile.

Akaniambia: « Papa, ona hii mayi. Mara ya tatu sasa. Ni kitu gani uko unatuletea ku nyumba kila siku? »

Mutoto alikuwa ametia mikono yote mbili mu ile baseni, anacheza. Hatua chache kutoka pale, wamama wengine walikuwa wanachota mayi ya kupika bukari.

Mimi ni delege wa sendika tangu miaka mingi. Nimesimama mbele ya wakubwa wa kazi juu ya mushahara, juu ya kofia na mabote, juu ya watu waliofukuzwa bure. Lakini ulizo la bibi yangu, hata siku moja sijaliweka mu karatasi ya madai. Kofia inalinda kichwa changu. Boti inalinda muguu wangu. Ni kitu gani inamulinda mutoto anayekuja kunikumbatia ku mulango jioni?

Waganga walipima nini

Watu wengi wanafikiri haya ni maneno ya kutisha tu. Hapana. Mambo haya yalipimwa, na yalipimwa huku kwetu.

Mwaka wa 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Université de Lubumbashi, pamoja na wenzake wa chuo kikubwa cha Louvain (Leuven) mu Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa karibu na mine ao viwanda, chini ya kilometre 3, walikuwa na kobalti mingi sana mu mwili. Waganga wakaandika kama hawajapata kuona hesabu kubwa vile kwa watu wa kawaida, fasi yoyote ya dunia. Angalieni vizuri: hawakupima wachimbaji peke yao. Walipima watu wa mitaa, wamama, watoto. Na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa.

Mwaka wa 2018 wakatoa utafiti mwingine, wa Kasulo, mutaa wa Kolwezi. Kule, kuanzia 2014, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba ndani ya lupango, hata ndani ya chumba. Waganga walipima watu 72, na kati yao watoto 32. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mu mukojo karibu mara 10 kupita watoto wa fasi ambako hakuna mine. Juu ya nini watoto? Mutoto anatambaa, anacheza chini, anatia mikono mu kinywa. Vumbi yote ya nyumba inaanguka chini, na chini ndiyo fasi yake.

Utafiti wa tatu ndio ulininyima usingizi. Kuanzia mwezi wa tatu 2013 mupaka mwezi wa pili 2015, mu Lubumbashi, waganga waliangalia watoto wachanga 138 waliozaliwa na kilema chenye kuonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Matokeo yalitoka mwaka wa 2020. Mutoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini alikuwa na hatari ya kuzaliwa na kilema zaidi ya mara 5 kupita mutoto wa baba wa kazi ingine. Ni baba, wandugu. Mama hakukanyaga mu mine.

Nisiseme uongo. Vilema kama hivi si vingi: kati ya watoto wote waliozaliwa mu muji wakati ule, ni karibu mumoja ku 1.000. Waganga wenyewe wanasema hesabu ya mara 5 inaweza kupungua ao kuongezeka sana kama watu wengi zaidi wanapimwa. Haimaanishi kama kila mutoto wa mutumikaji wa mine atazaliwa mubaya. Na hawakumaliza kujua njia: pengine ni mu mbegu ya baba, pengine ni vumbi anayoleta ku nyumba, pengine ni yote mbili. Lakini kama nyumba iko natoa moshi, hatungoje kujua ni jiko gani ndipo tuanze kutoa watoto inje.

Namna vumbi iliingia mu nyumba zetu

Wazee wetu waliishi tofauti. Union Minière, iliyoanza mwaka wa 1906, ilijenga makambi, na kuanzia miaka ya 1920 ilitaka mutumikaji akae pale na bibi na watoto. Kulikuwa posho, hopitali, masomo. Hata samaki ya Kasenga huku kwetu, wafanyabiashara Wagreki waliipeleka Elisabethville kulisha watumikaji. Ni kweli, ilikuwa kwa faida ya kompanyi, na makambi mengine ilikuwa chini ya moshi wa kiwanda cha Lubumbashi kilichowasha moto mwaka wa 1911. Upepo ulitupa ile moshi ku upande mumoja miaka na miaka, na mupaka leo kuna fasi kule ambako majani haioti vizuri. Lakini kama mutoto anagonjwa, alijulikana ni wa nani na anatunzwa wapi.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mu miaka ya 2003 na 2004, watumikaji zaidi ya 10.000 walitoka na pesa ya kuondoka, ile « départ volontaire », na wengi walimaliza ile pesa mbele ya mwaka kuisha. Watoto wao wakaingia mu mashimo. Pale ndipo mufuko wa mawe ulianza kulala ndani ya nyumba, chini ya kitanda, juu ya kuogopa wezi. Pale ndipo mama alianza kuponda na kuosha mawe na mutoto mu mugongo. Na ule mufuko ukiisha kuuzwa mawe yake, unakunguntwa, unatiwa makala, ao unatandikwa chini watoto walale.

Sisi wa kompanyi tunajiona wazuri kupita wakrezeri. Lakini sisi pia tuko nabeba, hatuoni tu. Basi ya kazi inatungoja ku mulango dakika chache, na anayekwenda kuoga anaachwa. Na tuseme ukweli wote: kuna wengi wetu wanapenda kurudi na salopeti mu mwili. Jirani aone, mwenye duka aone na akubali kukopesha unga. Ile nguo inasema « huyu iko na kazi ». Tunapita nayo mu sebule, tunabeba nayo mutoto.

Ng'ambo ya mupaka

Huku Kasenga, ukisimama ku kivuko unaona Zambia kwa macho. Kule kati ya inchi yao, kuna muji wa Kabwe. Mine ya risasi, ile madini tunaita plomb, ilitumika kule kuanzia 1904 mupaka 1994. Imefungwa tangu miaka 30 na zaidi, lakini vumbi yake ingali mu lupango za watu, na watoto waliozaliwa nyuma ya kufungwa wangali nayo mu damu. Kampuni inaondoka, vumbi inabaki.

Na mu Nigeria, jimbo la Zamfara, mwaka wa 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa. Baba zao walikuwa wakrezeri wa zahabu. Mawe walikuwa wanaleta ku nyumba, wanayasaga mu lupango. Yale mawe yalikuwa na risasi ndani, na watu hawakujua. Wakati waganga wa Médecins Sans Frontières walifika, waliona kama dawa peke yake haitoshe: kama mutoto anatoka ku hopitali anarudi mu lupango ileile, anagonjwa tena. Sherti kwanza udongo wa lupango utolewe, na kusaga kupelekwe mbali na nyumba. Kobalti yetu haiue haraka kama risasi. Kobalti mingi inaumiza mapafu, moyo na tezi ya shingo, na inakwenda polepole. Lakini njia ni ileile: kutoka ku kazi ya baba, kuingia mu kinywa cha mutoto.

Tuombe nini

Code du travail ya tarehe 16 oktoba 2002 inasema mwenye kazi sherti atunze mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa, na wakati bibi iko na mimba ao anazaa. Sheria ileile inaweka komite ya usalama na usafi mu kazi, na wadelege wetu wanakaa mule. Basi mulango iko wazi, ni sisi hatujaingia. Mimi ninaomba wadelege wenzangu tuandike mambo mane mu karatasi ya madai inayokuja.

Moja: douche na chumba cha kubadilisha nguo, na kila mutu apate kabati mbili, moja ya nguo ya kazi, moja ya nguo ya nyumba, zisichangane. Na zile dakika za kuoga zihesabiwe mu saa za kazi, basi ingoje.

Mbili: nguo ya kazi ifuliwe ku kazi. Bibi yangu hana kontra na kompanyi, hana gant wala maski, hawezi kuwa mufuaji wao wa bure.

Tatu: watumikaji wa sutretansi wapate vilevile. Hao ndio wengi mu vumbi, na hao ndio wanaogopa zaidi kusema.

Ine: wakitupima, wapime na bibi na watoto wetu, na watupe karatasi ya matokeo. Leo mutoto akigonjwa juu ya vumbi ya kazi yangu, hakuna karatasi inayoandika kama ni ugonjwa wa kazi. Mutoto hana matricule.

Wakati tuko nangoja

Kompanyi haitajibu kesho. Ku nyumba tunaweza kuanza leo, na haiombe pesa mingi. Mabote ibaki inje. Vua nguo ya kazi mbele ya kushika mutoto, uitie mu mufuko yake peke. Ifuliwe peke yake, mu baseni ambayo haiogeshe mutoto, na isifuliwe fasi watu wanachota mayi; ile mayi muchafu isimwagwe mu bilanga ya lengalenga na matembele. Usifagie kavu: nyunyiza mayi kwanza, ao pangusa na kitambaa chenye kulowana. Mikono ya watoto ioshwe mbele ya kula. Mufuko wa mawe usiingie mu nyumba, na mufuko uliobeba mawe usilaliwe.

Na kwa wamama wenye mimba: kwenda ku CPN kusingoje tumbo kuwa kubwa. Mu ule utafiti wa Lubumbashi, wamama waliokunywa vitamini wakati wa mimba walizaa watoto wenye kilema kidogo sana kupita wengine. Baba, kama bibi anaomba pesa ya CPN, usimwambie angoje paie.

Lakini tusidanganyane. Hizi ni kazi za kupunguza, na nyingi zinaangukia tena mugongo wa mama, ambaye tayari anabeba mayi, makala na mutoto. Vumbi inazaliwa ku kazi, na fasi ya kuimaliza ni ku kazi.

Ile siku ku Luapula, nilichukua baseni mukononi mwa bibi yangu, nikaenda nayo mbali na mayi, mu majani, nikafula mwenyewe. Wanaume waliokuwa wanapita wakacheka: delege wa Lubumbashi anafula nguo! Nikawaita waje kuona rangi ya ile mayi. Wawili walikuja. Wote wawili wanatumika mu mine, konji yao ilikuwa inaisha ile juma. Waliangalia kimya, kisha mumoja akauliza: « Delege, hii mutaisema lini ku kompanyi? »

Nilimwambia ni mu mukutano unaokuja. Sasa nimeandika mbele yenu wote, siwezi tena kusahau.