Kuanguka na Jeraha Lisiloonekana

Maongezi yetu ya leo yahusu mtu aliyeanguka, akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Sikuumia." Wengi wasemao hivyo husema kweli. Walakini wako wachache ambao neno hilo huwaponza, na kwa ajili yao yafaa tusemezane.

Na tuchukue mfano. Kijana mmoja wa upande wa Temeke apanda mnazi kuangua madafu. Mguu wateleza, naye aanguka, na ubavu wake wa kushoto wagonga gogo lililolala chini. Babu yake amjia mbio.

"Pole, mjukuu wangu. Umeumia wapi?"

"Sijambo, Babu. Nimekatika pumzi tu."

Hakuna damu, wala mfupa uliovunjika. Shangazi yake amkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta ya nazi, naye alala. Siku ya tatu, akiinuka kwenda kuoga, aanguka mlangoni. Uso umempauka, na jasho baridi lamtoka. Jirani mmoja asema ni homa, mwingine asema ni kijicho cha watu. Kumbe damu yavuja ndani ya tumbo lake.

Yawezaje kuwa hivyo? Ubavuni kushoto, chini ya mbavu, imekaa bandama, ambayo wengine huiita wengu. Ni laini, nayo imejaa damu kama sifongo iliyojaa maji. Kulia liko ini, na nyuma ya tumbo yako mafigo. Pigo laweza kupasua viungo hivi, na ngozi ya juu isipate hata mchubuko. Pengine bandama hupasuka mara ile ile. Pengine damu hukusanyika kwanza chini ya utando wake, kisha utando huo hupasuka baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana mtu aweza kucheka Jumatatu na kuzimia Alhamisi.

Sisi watu wa pwani tuna sababu zaidi ya kuwa na hadhari. Malaria huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi, hata kwa pigo dogo.

Tena tukumbuke kipimo cha damu yetu. Mtu mzima ana lita 5 hivi; mtoto wa kilo 20 ana kama lita moja na nusu tu. Tumbo laweza kuficha zaidi ya lita moja ya damu. Na mwili wa kijana mwenye nguvu hustahimili sana: moyo huenda mbio ili kufidia damu iliyopotea, naye huonekana mzima, hata ghafula nguvu zikamwishia. Basi tusiseme, "Angekuwa ameumia, tungaliona."

Ziko dalili za kuangaliwa. Tumbo linauma, limevimba au limekuwa gumu. Bega la kushoto linauma, ingawa halikugongwa. Maana damu iliyo tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu husikika begani. Mkojo una damu. Mgonjwa anatapika, anahema kwa shida, ana kiu kali, kizunguzungu au ngozi ya baridi, au moyo wake unaenda mbio hali amelala. Ikionekana mojawapo, aende hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane. Na yule aliyeanguka kutoka mtini, darini au juu ya jukwaa la mafundi, pamoja na mwanamke mwenye mimba aliyegonga tumbo, wasingoje dalili yoyote. Kwa mwenye mimba, kondo laweza kubanduka na mtoto akadhurika, ingawa mama hajasikia maumivu makubwa.

Wakati wa kungoja chombo, mlaze mgonjwa na umfunike. Usimkande wala usimchue tumbo, kwa maana kumbinya ni kuongeza mpasuko. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Usimpe asprini, kwa kuwa huzuia damu kuganda. Ikiwa shingo au mgongo wauma, asiinuliwe kwa mikono na miguu. Watu kadhaa wamtelezeshe juu ya ubao, mwili ukiwa umenyooka. Wala asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Itafutwe gari ambamo aweza kulala.

Watu wa Kinondoni wanayo hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mwananyamala; wa Temeke wanayo yao pale pale Temeke; na wa Ilala wanayo Amana. Wenye kuzidiwa hupelekwa Muhimbili, ambako idara ya wagonjwa wa dharura ilifunguliwa mwaka 2010. Ukifika, mweleze daktari mambo manne: ameanguka kutoka kimo gani, amegonga upande gani, saa ngapi, na tangu hapo amekuwaje. Usifiche kwamba alichuliwa au alipewa dawa.

Daktari atahesabu mapigo ya moyo, atapima nguvu ya damu, na aweza kutumia altrasaundi, mashine ambayo kwa mawimbi ya sauti isiyosikika huonyesha damu iliyo tumboni, bila kisu wala maumivu. Yawezekana kipimo cha kwanza kisionyeshe kitu, na cha pili kikaonyesha. Kwa hiyo akikuambia, "Lala hapa tukuangalie," usidhani amekosa dawa, ukatoroka. Kuangaliwa huko ndiko matibabu.

Wengine huogopa kwamba kila aendaye hospitali hupasuliwa. Sivyo. Zamani bandama iliyopasuka ilikuwa ikitolewa karibu kila mara. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walieleza habari za watoto wachanga waliotolewa bandama, kisha wakapatwa na maambukizo makali. Baadaye waganga wakajifunza kuihifadhi, kwa kuwa husaidia mwili kupigana na vijidudu, hata vya malaria. Siku hizi wengi, na hasa watoto, hupona kwa kulazwa na kuangaliwa tu. Lakini nafasi hiyo ni ya aliyewahi kufika.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Kijana wetu hakuficha kwa ubaya, aliona haya mbele ya babu yake. Basi mwanao akianguka, usimwulize mara moja tu ukaridhika na jibu lake. Mwulize jioni, mwulize kesho na kesho kutwa, umtazame uso, na ukiona shaka, inuka naye. Ni heri kurudi nyumbani ukiambiwa, "Hana kitu," kuliko kufika umechelewa.