Lubumbashi: Akiacha lutuku, usiku wa kwanza atalala wapi?

LUBUMBASHI – Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi unauma. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuna usiku ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa mwanaume anayelala kwenye baraza ya duka lililofungwa, glasi ya lutuku ni kama blanketi. Lakini blanketi hilo ni la uongo: pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu anasikia moto, kumbe mwili wake unapoteza joto.

Hapo ndipo kazi ya kuwatoa wanaume hao kwenye ulevi inapokwama. Kumwambia mtu aache pombe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kitanda.

Kuacha peke yake ni hatari

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata pombe ghafla, mikono huanza kutetemeka siku hiyo hiyo. Degedege inaweza kumpata katika siku mbili za kwanza. Siku ya pili au ya tatu, wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Bila muganga, anaweza kufa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni matibabu. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain, cha shirika la Frères de la Charité. Lakini hospitali si nyumba. Mgonjwa akipata nafuu, anatoka. Mwenye bahati anarudi kwa mama au kwa yaya yake. Aliyekwisha kuuza sufuria na redio za ndugu ili anywe, mara nyingi anakuta mlango umefungwa. Anarudi kwenye baraza ile ile, kwa marafiki wale wale, na chupa ile ile.

Mlango wa watoto upo

Mji huu unajua kupokea wasio na makao. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika hapa 1911, wanapokea watoto wa barabarani Bakanja: mtoto anapata pa kulala na masomo, na jamaa yake inatafutwa. Lakini mwanaume wa miaka 35 hawezi kupiga hodi pale.

Serikali nayo ina Service National huko Kaniama-Kasese, jimbo la Haut-Lomami. Vijana wanaoitwa kuluna walipelekwa huko kutoka Kinshasa kujifunza kulima, kujenga na useremala. Hao walikamatwa kwanza. Anayeacha pombe, kinyume chake, lazima akubali mwenyewe.

Zanzibar walianza na nyumba

Zanzibar, watu walioacha heroini walianza kufungua nyumba za soba kuanzia 2009. Wanaoziongoza wamepitia njia ile ile. Wakaaji wanalala pamoja kwa miezi, wanapika, wanafagia, wanakaa katika mikutano ya kusema ukweli, na hakuna kileo kinachoingia. Malindi, nchini Kenya, mradi wa Omari ulianza kazi ya namna hiyo 1995.

Nyumba kama hiyo Lubumbashi haihitaji jengo kubwa. Inataka vyumba vichache, msimamizi aliyeacha pombe mwenyewe, muganga wa kumwita, bukari ya jioni, na kazi ya mchana. Inataka pia sanduku la akiba, kwa sababu mwenye nyumba wa mjini anaomba garanti ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Bila garanti, hata aliyepona anabaki barabarani.

Na akianguka tena, kama inavyotokea kwa wengi? Chupa isiingie ndani, lakini mtu asitupwe nje usiku. Arudishwe kwa muganga, na kitanda chake kimngoje.

Yaya aliyefunga mlango hataki ahadi nyingine, ameshazisikia nyingi. Miezi sita bila chupa ataiona kwa macho, ikiwa ndugu yake atakuwa na mahali pa kuimaliza.