Shoki za Gari Kuukuu Katika Njia za Kajiado

Mwenye gari kuukuu akaaye Kitengela, ambaye kila jioni huiacha lami ya barabara ya Namanga akaingia njia ya mavumbi iendayo kwake, aghalabu humwambia fundi ya kwamba shoki zimeshindwa kulibeba gari, hali uzito huchukuliwa na springi, na kazi ya shoki ni kuituliza springi hiyo isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani ya shoki pistoni husukuma mafuta yapite katika vitundu vyembamba, na nguvu ya mruko ikageuka joto.

Murram iliyofanya mawimbi huichezesha pistoni pasipo kituo, mafuta yakapanda moto na kutoa povu, na gari likaanza kuteleza ubavu penye kona. Kwa sababu hiyo napendelea shoki yenye gesi ya nitrojeni, ambayo shinikizo lake hulipunguza povu, ijapokuwa abiria wa nyuma wataona ugumu kidogo.

Lakini adui mkubwa zaidi ni vumbi. Hushikamana na fimbo ya kromu, na fimbo irudipo ndani huikwaruza sili, mafuta yakavuja. Ajabu ni kwamba mafundi wengi, wakiukuta mfuko wa mpira ufunikao fimbo umeraruka, huutupa wasitie mwingine. Nawe uliyelipa fedha nyingi umenunua maradhi yale yale.

Shoki zilizofunguliwa katika magari ya Japani, ziuzwazo kwa wingi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, sizishauri, maadamu sili yake imekwisha kuzeeka, na ukavu wa nje waweza kuwa kazi ya kitambaa. Ukilazimika, isimamishe wima, ishindilie na kuivuta mara kadhaa: ukinzani uwe sawasawa, bila pengo, kisha pitisha ukucha juu ya fimbo, na ukikwama popote, irudishe. Na kwa shoki mpya, hata jina la kampuni kama KYB au Monroe halitoshi kuwa dhamana, kwa kuwa majina huigizwa; linganisha nambari ya boksi na ile ya mwilini, na zote mbili na aina ya gari lako.

Badilisha kushoto na kulia pamoja. Na bolti za bushi zikazwe kabisa magurudumu yakiwa yamekanyaga chini, kwani zikikazwa yakining'inia, mpira husokoteka tangu siku ya kwanza na kupasuka upesi.