Picha inapanda ndege, mwenyewe hana nauli!

Jumamosi niliibukia pale Morogoro Stores, kwenye vibanda vya wachoraji wa tingatinga, kutafuta zawadi ya rafiki yangu anayeolewa. Nikakuta mshikaji mmoja, mchoraji wa siku nyingi (jina kanikataza nisilitaje), katundika picha ishirini, juu yake kibao: "Hizi si za tumbo langu."

Nikacheka. Kumbe jamaa hatanii.

Anachangisha. Hapa jijini kunaandaliwa mkutano wa utamaduni wa makabila ya asili. Ukumbi upo, msosi upo, ila nauli za wageni wa mbali hazipo. Yeye kajitwisha wazee wanne wa Kihadzabe kutoka bonde la Yaeda, kule Mbulu. Kila picha shilingi 30,000.

"Miaka yote nawachora na pinde zao," akaniambia. "Mzungu ananunua, anakunja, kesho picha iko Ulaya. Niliyemchora sijamnunulia hata soda."

Nikamchokoza. Kaka, mbona sote ni wa asili? Mimi Mzaramo, babu yangu kazikwa Kisarawe!

Akaweka brashi chini. Akasema hoja si nani alitangulia kufika. Mhadzabe anaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Pori likifyekwa kuwa shamba, kwake hiyo ni jikoni, ghala na duka la dawa vimekwenda kwa mpigo. Na wenyewe hata elfu mbili hawafiki. Lugha yao ya vidoko nayo haina ndugu anayejulikana popote. Hapo, kusema kweli, Uzaramo wangu ukanywea.

Habari yenyewe si ngeni. Mwaka 1989 marehemu Moringe ole Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro enzi hizo, alikwenda Geneva kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa kuwasemea Wamasai, Wahadzabe na wenzao. Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja huo ukapitisha azimio la haki za watu wa asili, na Tanzania ikapiga kura ya ndiyo. Safi sana. Ila konda wa basi la Mbulu hapokei azimio.

Wakati tunapiga stori, mama watoto wake alikuwa pembeni anakaanga mihogo. Akanikata jicho. "Shemeji, muulize na kodi ya nyumba mwezi huu inatoka picha ipi?"

Jamaa akajifanya anasafisha brashi. Nami nikajifanya sijasikia.

Mpaka saa kumi zilikuwa zimetoka saba tu. Nikachagua ya mzee anayepuliza moshi kwenye mzinga wa nyuki, nikaomba anipunguzie, si unajua tena maisha ya Bongo.

"Hilo punguzo unamkata nani," akauliza, "mimi au yule mzee?"

Nikatoa zote 30,000, hadi ya daladala. Bibi harusi atanisamehe, picha nimeibakiza kwangu. Zimebaki kumi na mbili pale.