Fahamu: Msamaha wa kodi unavyoweza kuokoa nyumba kongwe za Malindi

Nyumba ya Nguzo, iliyowahi kuwa hospitali na sasa ni makumbusho, inaonyesha kuwa jengo kongwe la Malindi linaweza kubadili kazi bila kubomolewa. Lakini mji hauwezi kuwa makumbusho tu. Watu wanahitaji pa kuishi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 hulinda majengo, ila haimlipi fundi wa chokaa, na mwenye nyumba akibanwa na gharama hukimbilia saruji, ambayo hufungia unyevu ndani ya kuta za mawe ya matumbawe. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo. Basi Kaunti ya Kilifi, ulimo mji wa Malindi, inaweza kuwapunguzia kodi hiyo wanaokarabati ghorofa tupu ziwe makazi. Mapato yatapungua? Kwa muda, ndiyo. Lakini gofu nalo halina mpangaji wala duka la kulipia leseni. Hoja nzito zaidi ni wenyeji kufukuzwa ili walale watalii, kwa hiyo nafuu hiyo ifungwe na sharti la kupangisha wakazi.